Mshika Fyuzi

Watu wakisikia kwamba nilifanya kazi ya umeme enzi za Ujamaa, huniuliza ni nini kilichokuwa kikitupa moyo. Wanategemea nitaje uzalendo. Ulikuwepo, siukatai, na karatasi za kuuhimiza zilijaa ukuta mzima wa karakana yetu. Lakini karakana hiyohiyo ilikuwa na jozi moja ya glavu za mpira kwa mafundi sita, na kidole gumba cha glavu ya kushoto kilikuwa kimepasuka, tukakitia kiraka cha tyubu ya baiskeli. Uzalendo hauzuii umeme. Mimi kilichonipa moyo kilikuwa kitu kidogo tu: nilikuwa mshika fyuzi, na wenzangu ndio walionichagua.

Tulikuwa mafundi wa laini, sehemu yetu Kariakoo na mitaa ya jirani. Waya ukikatika, kwanza mtu hupanda nguzo ya transfoma na kuchomoa fyuzi tatu zinazopeleka umeme mtaa ule. Fyuzi hizo haziachwi ovyo. Anayekwenda kuushika waya humchagua mwenzake anayemwamini, humwekea zile fyuzi mkononi, na huyo hukaa chini ya transfoma mpaka mpandaji arudi mwenyewe kuzidai. Haitoshi kusikia kwamba ameshashuka. Haitoshi mtu kuja kusema ametumwa. Kanuni hii haikuandikwa popote. Waliotufundisha kazi walifundishwa hivyo, na chanzo chake kilikuwa mjane mmoja wa Ilala, ambaye mumewe alirudishiwa umeme angali juu ya nguzo, na hakuna aliyependa kumzungumzia.

Mpandaji wetu hodari alikuwa Mzaramo, mtoto wa mjini hasa. Mimi Mnyamwezi. Kwa hiyo tulikuwa watani, na matusi tuliyopeana kila asubuhi yangewafikisha watu wengine mahakamani.

"Babu yako alikuja pwani na pembe za ndovu kichwani," alikuwa akiniambia akinipa fyuzi. "Wewe nakuonea huruma, beba hizi tatu tu."

"Babu yako angebeba zake," nilikuwa nikimjibu, "lakini alikuwa amelala."

Baada ya hapo hupanda, na huniamini kabisa.

Siku ya mkasa, lori la magunia liligonga nguzo Mtaa wa Sikukuu na waya ukaanguka. Mtani wangu alinikabidhi fyuzi, akapinda kona na vyuma vyake vya kupandia. Kutoka kwenye transfoma sikuweza kumwona. Bahati mbaya tawi la chama lilikuwa na mkutano saa kumi jioni hiyohiyo, na mgeni wa kutoka mkoani alikuwa amefika mapema. Msimamizi wetu, mzee aliyepanda nguzo tangu mimi sijazaliwa, alinijia mbio mbio, shati limemganda mgongoni.

"Rudisha fyuzi. Vipaza sauti havisemi, mgeni anasubiri."

"Shikamoo mzee. Mwenyewe hajaja kuzichukua."

"Ameshashuka. Nimemwona kwa macho yangu, yuko kwenye kahawa."

"Basi naomba umwambie aje, mzee."

"Nimwite mimi? Leo nimekuwa tarishi wako?"

Wauza ndizi walikwishaanza kutuzunguka. Mmoja akapaza sauti, "Ndugu, toa umeme, redio zetu zimelala!" Watu wakacheka. Msimamizi alinyoosha mkono mpaka kwenye mfuko wangu wa suruali. Nikatumbukiza mkono wangu na kuzikamata zile fyuzi, nikakaza ngumi. Niliogopa, sioni haya kusema. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane, na nyumbani hapakuwa na kazi nyingine zaidi ya hiyo yangu.

"Sitoi, mzee," nikasema. Akageuka na kuondoka, na hilo lilinitisha kuliko ukali wake.

Mgeni alihutubia kwa koo lake mwenyewe hadi likamkauka. Mkutano ulikuwa unaishia pale mtani wangu alipotokea, kipande cha kashata shavuni. Alikuwa ameshuka kitambo. Alikutana na mjomba wake kwenye kahawa, mazungumzo yakanoga, akasahau kabisa kwamba kuna mtu anamngoja. Msimamizi alikuwa amesema kweli tupu! Nilimtupia fyuzi zake na siku hiyo sikumtania.

Tulipelekwa mbele ya kamati: wawakilishi wa wafanyakazi upande mmoja, meneja upande mwingine, chai katikati. Mtani wangu alikiri kosa lake, akaonywa. Kisha mwenyekiti akanigeukia.

"Sasa unajua kwamba mwenzako alikuwa chini. Unakubali kwamba ulikosea?"

"Alikuwa chini, nakubali. Lakini mimi sikuwa nikijua."

"Mkubwa wako alikuambia."

"Aliniambia, ndugu mwenyekiti. Fyuzi alinipa mwingine."

"Na kesho ikitokea tena?"

Nilitazama vikombe vya chai. Nilijua jibu wanalolitaka, na lilikuwa fupi na jepesi. "Sitoi," nikasema.

Waliniondoa kwenye laini na kuniweka stoo, kusugua kwa mchanga vikombe vya kaure vya kushikia waya na kuchambua bolti zilizoota kutu. Walinipa sharti: niandike barua ya kuomba radhi na kuahidi kwamba sitarudia, nirudishwe kazini kwangu. Mwezi ukiisha bila barua, nitafute kazi kwingine. Kila Jumatatu msimamizi aliniletea karatasi na kalamu, na kila Jumatatu jioni nilimrudishia karatasi ikiwa nyeupe.

"Andika yaishe," mtani wangu alinisihi, na safari hii hakuwa na mzaha. "Kosa langu, kiburi chako, sote tutaaibika ukifukuzwa."

Mke wangu alinuna siku mbili nzima. Siku ya tatu, akikoroga uji wa unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano yaliyokuja kwa meli mwaka wa njaa, aliniuliza huo msimamo wangu tutaula kwa mboga gani. Usiku ule nilikaribia kuiandika ile barua. Lakini kila nilipofika kwenye neno "sitarudia" nilimwona mtu aliye juu ya nguzo, mikono yake miwili kwenye waya, na mimi chini nimeahidi kwa maandishi kwamba neno la mkubwa litatosha. Nikafunika kalamu. Niliumia sana wiki zile, wala si kwa sababu ya mchanga na kutu. Niliumia kwa sababu asubuhi watu walitoka na ngazi zao na hakuna aliyenipa kitu mkononi.

Zikabaki siku nne mwezi uishe. Mvua za masika zilikuwa zimeanza kwa hasira, nguzo zimelala kuanzia Gerezani mpaka Jangwani, na mtani wangu alikuwa hoi kwa malaria. Msimamizi akaingia stoo, maji yakimchuruzika, mkanda wa kupandia umemkaa kiunoni. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akanitazama mikono.

"Nawa, twende," akasema.

Tulitembea kwenye tope mpaka transfoma ya Mtaa wa Mkunguni. Mafundi wawili walikuwa wamesimama hapo wakingoja. Msimamizi alipanda mwenyewe, akachomoa fyuzi moja moja, akashuka taratibu kama wanavyoshuka watu wenye magoti mabovu. Mafundi wale walinyoosha mikono kumpokea. Akawapita. Alikishika kiganja changu, akazipanga zile fyuzi tatu juu yake, kisha akavifunga vidole vyangu kwa mkono wake.

"Mzee," nikasema, "na akija meneja?"

"Akija meneja, akikuambia nimeshashuka, akikuambia nimekufa, zikae hapo hapo."

Akakaza mkanda wake, akapinda kona kuufuata waya.