Mruko wa Faina Yegorovna

Mruko wa Faina Yegorovna ulikuwa na sifa moja: ulikuwa salama. Akiwa hewani ungeweza kupitisha gazeti chini ya miguu yake, ila liwe la siku moja tu. Ya wiki nzima yangemkwaza.

Na huo haukuwa mruko wa mabingwa. Ulikuwa ule wa kwanza kabisa, ambao watu wa pale waliuita wa kujitupa. Unateleza barafuni kwa mguu wa kushoto ukitazama mbele, unaurusha wa kulia, unageuka nusu hewani, unatua kinyumenyume kwa huo wa kulia. Watoto wa chekechea walijifunza katika majira yao ya baridi ya kwanza, kamasi zikiwatoka. Faina alikuwa na miaka arobaini na saba, na tangu zamani alikuwa akijitupa bila kufika popote.

"Faina, umeshapaa au bado?" Regina, daktari wa meno, alimuuliza hivyo kila Jumapili asubuhi, saa ambayo kundi la watu wazima lilipewa barafu kabla wachezaji wa hoki hawajaamka.

"Nimeshatua," Faina alimjibu. "Wewe ndiye umechelewa kutazama."

Siku nyingine zote alikuwa upande wa pili wa kioo, kwenye kantini ya ukumbi uleule wa barafu, akiuza chai ya limau, soseji za kuchemsha na maandazi yenye kabichi. Mji ulikuwa wa kiwanda cha mabomba, chini ya milima ya Urali, na kiwandani wote walijuana. Ukipiga chafya kwenye lango la mashariki, waliokuombea afya walikuwa wa lango la magharibi.

Kwa hiyo hakuna aliyehitaji kuelezwa habari za mumewe. Gennady, au Gena kama alivyoitwa na kila mtu, ndiye aliyeendesha trekta la kulainisha barafu. Kwa miaka na miaka alizunguka uwanja uleule kwa mwendo uleule, kisha siku moja akakata kona. Akahamia kwa Inessa Borisovna, mwalimu wa kuteleza, mwanamke mwenye mgongo ulionyooka kama mlingoti. Hakwenda mbali. Lilikuwa jengo la mkabala, na kutoka jikoni kwake Faina aliweza kuliona taulo la Gena likining'inia kwenye kibaraza cha mwenzake. Aliondoka na nguo zake, fimbo zake za kuvulia samaki, na mto mzuri. Ule mbaya alimwachia Faina, kwa huruma.

Mjini huruma ilikuwa nyingi. Mama za watoto waliokuja mazoezini walinywa chai kuliko zamani, wakiongea kwa sauti ya chini ambayo ilisikika vizuri kabisa.

"Pole, mpenzi. Hivi kweli utaendelea kukanyaga mle uwanjani? Na mwalimu si ndiye yuleyule?"

"Kuna mwalimu mwingine hapa mjini?"

"Hakuna."

"Basi. Sukari ngapi?"

Hakuacha. Kantini aliianza kabla ya kuolewa, na Jumapili yake alikuwa ameizoea. Zaidi ya hayo, angeacha wangesema ameshindwa, na asipoacha walisema hana haya, na kati ya hayo mawili aliona afadhali lile linalompa nafasi ya kuteleza.

Majira ya vuli yalipokwisha, mkurugenzi wa ukumbi, Oleg Fomich, mtu mnene aliyeogopa barafu na kuitazama kutoka kwenye zulia tu, alitangaza kwamba safari hii watu wazima nao wangeshiriki onyesho la watoto la Mwaka Mpya. Babu Baridi, mzee wa zawadi za Mwaka Mpya, angekuwa kijana wa hoki. Lakini Bibi Yaga, mchawi wa msituni mwenye mguu wa mfupa, angetoka kundi la Jumapili, na angeruka juu ya ufagio wake ukiwa umelazwa juu ya magogo mawili.

"Na wengine?" Regina aliuliza.

"Wengine ni vichuguu vya theluji. Mnafunikwa shuka jeupe, mnachuchumaa."

Faina aliyatazama magogo. Yalifika katikati ya muundi. Palepale akajua kwamba anaitaka nafasi ile kuliko alivyowahi kutaka kitu kwa muda mrefu. Mji mzima ungekuja, na wale mama wa sauti ya chini wangeketi safu ya mbele. Kuchuchumaa chini ya shuka mbele yao, wakati Inessa Borisovna amesimama pembeni na mgongo wake, hapana. Alikuwa amechuchumaa vya kutosha bila shuka.

Basi akaenda kwa adui yake, kwa kuwa adui ndiye aliyekuwa na ujuzi.

"Inessa Borisovna, nataka niruke juu zaidi."

Inessa alimtazama sana, kana kwamba anatafuta kisu kilipofichwa. "Ruka nikuone."

Faina akaruka.

"Unakimbilia wapi?" Inessa aliuliza.

"Mbele."

"Naona. Mruko wako unakwenda mbele kama mtu anayewahi basi. Kunja goti. Kunja bado! Sasa ngoja. Mguu wa kulia ukipita, mikono ipande nao pamoja, ndipo unyooke. Hasira inakusukuma mbele, haikupandishi."

"Nani amekwambia nina hasira?"

"Hakuna," alisema Inessa. "Kunja goti."

Kungoja ndiko kulikomshinda. Alikuwa amemngoja Gena jikoni, supu ikipoa, miaka chungu nzima bila kuchoka, na sasa alipoambiwa angoje muda wa kupepesa jicho, mwili wote ulikataa. Alifanya mazoezi kantini, wateja wakiisha, akirukia kreti za juisi mpaka chupa zikalia. Regina alimshauri aongeze mwendo. Mama mmoja alimshauri asile mkate. Aliongeza mwendo, akaacha mkate, na mruko ukawa uleule, ila sasa alikuwa na njaa.

Hata goti lilipokubali kukunjika na mikono ikapanda kwa wakati wake, bado palepale pa mwisho, mguu wa kushoto ulipotakiwa kumsukuma juu, kitu kiliteleza chini yake, kama mtu anayepanda ngazi na kukosa kipandio cha mwisho.

"Rudia," alisema Inessa.

Alirudia. Inessa alikunja uso. Mara akafanya jambo ambalo Jumapili hiyo wote walisimama kulitazama: alipiga magoti kwenye barafu mbele ya Faina, akaukamata mguu wake wa kushoto, akaugeuza kama fundi anayekagua kwato za farasi.

"Ya leo kali," Regina alinong'ona, na mnong'ono wake ukafika mpaka kwenye magoli.

Inessa alipitisha kidole gumba kwenye ncha ya chuma cha kutelezea kilichofungwa chini ya kiatu, pale ambapo viatu vya warukaji vina meno ya kung'ata barafu. Akakipitisha tena.

"Nani anakunolea viatu?"

Faina alikitazama kiatu chake. "Unamjua."

"Ni yeye?"

"Tangu tuoane. Kila mwezi. Ndiyo zawadi pekee ambayo hakuwahi kuisahau."

"Jino la chini hulina," alisema Inessa, bado amepiga magoti. "Limekatwa. La pili limebaki nusu. Umekuwa ukiruka na kiatu kibogoyo." Akauachia mguu wa Faina. "Hata mimi aliniomba aninolee. Nilimwambia viatu vyangu asivisogelee."

Kwa hiyo mwenzake alimchukua mwanamume na kuikataa kazi ya mikono yake. Faina alifikiri kwamba kama yeye angekuwa na akili hiyo ujanani, na angemkataa hata mwanamume mwenyewe, leo angekuwa na meno, na pengine na mto.

Jioni hiyo Gena alipokuja kunywa chai, maana kuhama hakukumzuia kunywa chai, Faina alimwekea kiatu kwenye kaunta, karibu na soseji.

"Gena, meno yangu uliyapeleka wapi?"

"Meno gani?"

"Haya ya mbele."

"Ah, hayo!" Gena alitabasamu. Alikulia kwenye hoki, na viatu vya hoki havina meno. "Hayo ni makosa ya kiwandani, Faina. Yanakwaruza barafu. Nilikuwa nakusawazishia. Hujawahi hata kusema asante."

"Miaka yote hiyo nilidhani mimi ni mzito."

"Uzito nao upo," alisema Gena kwa upole, akachukua andazi.

Faina alimtazama akitafuna. Alitafuta ile hasira yake ya kila siku, akaikuta imepungua kidogo, imechanganyika na kitu kama kicheko. Akalichukua andazi mkononi mwa Gena, akalirudisha kwenye sahani.

"La kabichi limekwisha," alisema.

Inessa alikuwa na vyuma vya zamani kabatini, vyenye meno yote. Alivifunga kwenye viatu vya Faina yeye mwenyewe, kwa bisibisi, bila maneno, na Faina naye hakumshukuru, akamletea tu chai yenye vipande viwili vya limau. Jumapili ya kwanza meno yalimwangusha kifudifudi kila alipoinama, kwa sababu mguu wake ulikuwa umezoea kibogoyo. Jumapili ya pili alianguka kinyumenyume, na Inessa akasema hayo ni maendeleo. Halafu asubuhi moja alikunja goti, akangoja, kisigino kikainuka, lile jino likaikamata barafu, na chini ikaondoka.

"Mama yangu!" Regina alipiga kelele. "Amepanda!"

Siku ya kumchagua Bibi Yaga, Regina aliupiga ufagio teke, Faina akaupita. Inessa aliandika jina la Faina bila kuinua macho.

Onyesho likafika, watoto wamejaa na machungwa yao, mama safu ya mbele. Faina alitoka na pua ya karatasi na kilemba cha matambara. Akazunguka, akamfokea Babu Baridi, akaujia ufagio. Akakunja goti. Akangoja. Alipopanda, alipanda kuliko mazoezini. Na kwa kuwa maisha yake yote alizoea kutua mara tu anapoondoka, hakujua afanye nini na muda ule uliobaki huko juu. Aliutumia kutazama taa. Mguu wa kulia ulitua kinyumenyume, sawasawa kama inavyotakiwa, ila alisahau kusimama. Akaenda kinyumenyume vivyo hivyo, kwa fahari, mpaka akavigonga vichuguu vya theluji, vikaanguka kimoja baada ya kingine, na kutoka chini ya shuka moja daktari wa meno akatukana.

Watoto walicheka mpaka machungwa yakabiringika. Mama nao walicheka.

Oleg Fomich alimdaka penye zulia, uso umeng'aa. "Faina Yegorovna, dhahabu! Onyesho la pili, vilevile! Mruko usijali sana, hata usiporuka. Cha muhimu ni ule mwanguko."

"Mimi nimeruka," Faina alisema. "Umeona nilivyoruka?"

"Nimeona, nimeona. Anguka tu kama vile."

Inessa alikuwa amesimama pembeni. "Alivuka kwa kiganja kizima," alisema kavu. "Mimi nimeona."

Onyesho la pili watoto walikuwa wengine, wameshaambiwa na wa kwanza, na waliketi tayari kucheka. Faina aliujia ufagio. Nyuma yake vichuguu vilikuwa vimeshakumbatiana kwa woga. Alingoja, akapanda, hakutazama taa. Akatua kwa mguu wa kulia, goti limekunjika, mikono imetandazwa, akateleza kinyumenyume kwa mduara mpana, polepole, akasimama palepale alipotaka yeye.

Ukumbi ulikuwa kimya. Mtoto mmoja safu ya mbele alilalamika, "Mbona haanguki?"

"Anguka, Faina Yegorovna!" Oleg Fomich alinong'ona kwa nguvu kutoka kwenye zulia. "Anguka!"

Faina aliirekebisha pua yake ya karatasi, akauinua ufagio, na kwa sababu hakuna aliyekuwa amempigia makofi, akaulaza tena juu ya magogo na kwenda kuchukua mwendo upya.