Samansi ya Mumbua

Ngriii! Kengele ya baiskeli ya Nzuki ililia mara moja tu, na watu wa Kalamba wakatokomea mashambani kama vifaranga walioona mwewe. Miaka ile ya sabini Nzuki alikuwa mpeleka samansi wa korti, na huko waliamini kwamba karatasi ya korti usipoigusa, kesi hufa yenyewe.

Siku hiyo alimtafuta Mumbua, mjane. Shemeji yake, Musembi, alikuwa amemshtaki, akidai shamba lote la marehemu ni lake. Nzuki aliukuta mlango umefungwa kwa ndani, sufuria ya mbaazi ikichemka uani.

"Bwana Samansi!" Kisilu, jirani, alimcheka toka ng'ambo ya ua wa mkonge. "Leo utampa mbuzi hiyo karatasi!"

Nzuki hakucheka. Sheria ilimruhusu kuibandika mlangoni na kwenda zake. Lakini aliwajua wanaobandikiwa: hawaendi. Kesi husikizwa bila wao, na aliyeshtaki hupewa alichotaka.

Akachuchumaa mlangoni. "Mwaitu," akamwita mama kwa Kikamba, "najua uko ndani."

Chuma kikakwaruza sakafu. "Nina panga."

"Kaa nalo, mama. Sikuja kukushika. Wa kushika ni polisi, na huja na waranti. Hii ni samansi. Inakuita tu."

"Inaniita nifukuzwe!"

"Inakuita usikizwe. Usipokwenda, Musembi atasema peke yake. Atasema hukuolewa hapa. Nani atampinga?"

Pumzi za Mumbua zilisikika zikipanda na kushuka. Nzuki alingoja, jua likimchoma shingo. Mbaazi zikaanza kuungua. Harufu ikajaa uani, na hakuna aliyesogea.

"Mbuzi wa mahari walifika kwetu," sauti ikasema hatimaye. "Huyo Kisilu anayecheka ndiye aliyewaswaga."

Ng'ambo ya ua, kicheko kilikatika.

"Basi kamwambie hakimu hivyo hivyo."

Komeo likalia. Mumbua akatoka na panga lake, akanyoosha kidole gumba cha mkono mwingine. Nzuki akakipaka wino, akakibonyeza kwenye nakala ya korti.

"Ungebandika tu ukaenda," mama akasema, ameishika samansi kwa ncha za vidole. "Shamba si lako. Linakuuma nini?"

Nzuki alikunja nakala yake polepole.

"Mama yangu alijificha chini ya kitanda," alisema, karibu asisikike. "Hadi leo tunalima kwa watu."