Mama Zulia na Bomba la Bustani

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, ana ulimi mkali, na kwa miaka mingi aliutumia kulinda nyasi. Alikuwa mtunza bustani wa hospitali ambako mimi nafanya usafi katika wodi ya wazazi. Uwanja wa mbele aliulea ukawa laini na wa kijani hata wakati wa ukame, watu wakambandika jina la Mama Zulia. Ukizikanyaga nyasi zake, umekwisha. "Wewe, kwenu mnatembea na viatu kitandani?" Daktari, mgonjwa, mimi wifi yake, wote tulionja.

Yeye nilimpenda, lakini uwanja wake niliuchukia. Mpira wa bustani ulipoanza kumwagilia asubuhi, bomba letu la ghorofani lilikohoa, likanyamaza hadi mchana. Nilimwambia. Akasema nina wivu.

Kisha binti yake akajifungua wodini kwetu. Bibi mpya alipanda ngazi mbio, akataka kunawa ndipo ambebe mjukuu. Bomba likatoa hewa tupu. Binti alikuwa bado ana damu miguuni, na mtoto tulikuwa tumemfuta kwa kitambaa kikavu.

"Maji yako wapi?" akaniuliza, kana kwamba nimeyanywa mimi.

"Chungulia dirishani, wifi."

Akachungulia. Chini, mpira ulikuwa ukimimina maji safi ya kunywa juu ya nyasi ambazo hata mbuzi haruhusiwi kuzila. Alishuka, akafunga koki, akarudi na ndoo ya maji kichwani.

Wiki hiyohiyo alimwendea katibu wa hospitali, akamwambia anataka kung'oa nyasi zote, aweke kokoto na mishubiri, mimea isiyodai maji. Katibu akacheka.

"Bustani ya mawe haihitaji mtunzaji. Ukizing'oa, mama, na kazi yako umeing'oa."

"Nimesikia. Nipe ruhusa."

Katibu alidhani anatania, akampa. Nyumbani, kaka yangu hakuamini masikio yake. "Mke wangu, unamwaga unga kwa mkono wako?"

"Unga utazolewa. Mjukuu wako kufutwa kama meza, hilo sitaki kuliona tena."

Akashika jembe. Alilima zulia lake mwenyewe huku machozi yanamtoka, na kila aliyemwonea huruma alitukanwa papo hapo. Akamwaga kokoto, akapanda mishubiri, na sisi wodini tukaoga kama wafalme.

Halafu asubuhi moja bomba likakohoa tena. Nilishuka na ufagio mkononi, nimefura. Nikamkuta Mama Zulia ameshika mpira, anainywesha mishubiri.

"Wifi! Unafanya nini?"

"Naipa kidogo tu. Inaniangalia."

Mishubiri haikuwa inamwangalia, ilikuwa inaoza. Kila asubuhi kabla hatujaamka vizuri alikuwa ameinywesha "kidogo tu", na sasa shina ukiligusa lilibonyea kama ndizi iliyoiva mno. Mkono uliozoea kumwagilia haukujua njia nyingine ya kupenda. Katibu alipopita akatazama, akasema kwa upole uliouma kuliko matusi, "Rudisha nyasi, mama, na kazi yako utabaki nayo."

Neno moja tu, na angerudi kuwa Mama Zulia. Niliogopa, kusema kweli, kwa sababu ningekuwa mimi ningekubali.

Akaenda kumwita fundi bomba. Akamwonyesha mahali bomba la bustani linapochepuka kutoka bomba kubwa.

"Kata hapa, uzibe kabisa."

"Nikuachie koki, mama? Huenda ukabadili mawazo."

"Ndiyo maana nimekuita. Usiniachie."

Akalishika bomba kwa mikono miwili hadi msumeno ukapita. Kisha akang'oa mishubiri iliyooza, akapanda mingine, akaiacha na jua.

Katibu alitimiza ahadi yake. Bustani ikakosa mtunzaji, na wifi yangu akapelekwa chumba cha kufulia, kusugua mashuka ya wodi yangu. Siku ya kwanza alinuna kutwa nzima, hakuna sabuni iliyomfaa. Alasiri mzazi mmoja akasimama mlangoni na beseni, anaogopa kuingia, kwa kuwa sifa za ulimi wake zilikuwa zimefika hadi wodini.

"Samahani, mama. Naomba maji kidogo tu ya kumwogesha mtoto."

"Kidogo ya nini?" Akamnyang'anya beseni, akaliweka chini ya bomba, akafungulia hadi mwisho.