Aliyemwamkia Mama Kabla ya Kumpima

Juzi, wasomaji wangu, nililetewa habari kwamba muuguzi mmoja mstaafu wa Marangu amefariki. Ninyi hamumjui. Mimi nimemlilia kama mtoto, wala sioni haya.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini mama yangu aliteleza akichuma kahawa, akagonga kichwa. Siku ya tisa, katika hospitali moja mjini Moshi, alikuwa amefumbua macho lakini kimya. Daktari kijana akamwinamia: "Bibi, fumba macho! Kamata mkono wangu!" Wapi! Akatuambia fahamu zimekwisha, tumrudishe nyumbani akapumzike. Mimi nilikubali upesi. Muuguzi yule akaguna. "Daktari, umemwamrisha mtu mzima bila hata kumwamkia. Mama wa Kichagga akujibu kwa lipi?" Akasogea. "Shikamoo, mama." Akangoja, akangoja tena. Midomo ikatikisika: "Mara... haba."

Daktari akacheka. Mazoea tu hayo, alisema. Mdomo waweza kuitikia na mwenyewe hayupo. Akatueleza kwamba hata wataalamu wanavutana. Wapo wanaoamini mtu hujitambua pale habari iliyofika pembe moja ya ubongo inapotangazwa kwa ubongo mzima, kama matangazo ya kanisani. Wengine wanasema tangazo si kitu. Fahamu ni jinsi sehemu za ubongo zinavyofungamana hadi kuwa kitu kimoja. "Wakipatana mniite," muuguzi akasema, akatoka. Akarudi na mama mkubwa, dada yake mama, aliyekuwa ameketi nje. "Mwamkie mgonjwa shikamoo."

"Mimi? Nimwamkie mdogo wangu? Una wazimu wewe!" Lakini akamwamkia. Lo! Paji la uso la mama likakunjamana. Yangekuwa mazoea, tungesikia marahaba. Tulisubiri, kisha ikaja sauti ya kukwaruza: "Shikamoo... dada." Daktari akavuta kiti, akaketi, akamwamkia naye.

Hatukumrudisha nyumbani. Mama alipona, akaishi miaka mingi. Wataalamu, kwa ninavyosoma, bado hawajapatana, na nawatakia heri. Ila muuguzi yule alinifundisha kwamba anayetaka kumpima mtu sharti kwanza amchukulie kuwa mtu.

Siku moja, akimenya ndizi jikoni, mama aliniambia, "Nilikusikia kule hospitalini, ukiwaambia wenzako wanichimbie kaburi kwenye migomba ya chini." Nilipiga magoti. Akanisamehe, akaongeza kwamba kule chini maji hutuama. Asante, muuguzi wangu. Bila wewe ningemwacha mama afe akinisikia.