Mtu Niliyemzika kwa Jina la Mume Wangu

Naomba mnifichie jina, na kijiji msikitaje, semeni tu ni upande wa Sikonge. Nina miaka thelathini na sita na watoto wawili, naishi na mama mkwe, na wote hapa wananijua kama mjane. Neno hilo mjane ndilo linalonitesa. Mimi si mtu wa kulialia, lakini Kwaresima hii nimelia mpaka watoto wananiuliza naumwa wapi.

Mume wangu kazi yake ilikuwa kurina asali. Mwaka jana mwezi wa sita aliingia porini na baiskeli, madumu mawili na shoka, akasema atakaa siku nne. Hakurudi. Wenzake walimtafuta wakachoka. Wengine wakasema ameliwa na simba, wengine wakasema yuko Mpanda na mwanamke. Kila nikienda kisimani naulizwa, "Hajarudi tu?" Mama mkwe ndiye aliyenimaliza. Kila siku alikuwa anamwekea mwanae chakula, anakifunika kwa sahani, kesho yake anawamwagia kuku.

Mwezi wa kumi na moja wachunga ng'ombe walikuta maiti porini, imebaki mifupa na nguo. Nikaitwa kuitambua. Askari alinionyesha shati la drafti ya bluu. Kweli mume wangu aliondoka na shati la drafti ya bluu, lakini nguo zake nafua mimi, nazijua. Lake lilikuwa na mifuko miwili. Hili lilikuwa na mmoja, na kifungo kimoja chekundu kilichoshonwa kwa uzi mweupe. Nilikishika kile kifungo. Mama mkwe alikuwa nyuma yangu, amejifunika uso kwa kitenge, hakuweza kutazama. Askari akaniuliza, "Mama, ndilo lenyewe?" Nikasema, "Ndilo."

Nilichoka jamani. Nilitaka zile sahani ziishe. Na niseme yote kwa kuwa hamnijui: nilikuwa na hasira naye. Moyoni niliamini ametukimbia, nikaona heri niitwe mjane kuliko kuitwa mwanamke aliyeachwa. Tukazika. Mama mkwe alilia siku tatu, siku ya nne akala ugali akaumaliza. Tangu hapo amerudi kwaya, na kila Jumamosi anakwenda kupalilia kaburi.

Mwanzoni mwa Kwaresima akaja kanisani kwetu mama mmoja kutoka Usinge. Anazunguka makanisani akimtafuta mwanae, naye ni mrina asali, aliingia porini mwaka jana asionekane tena. Mzee wa kanisa akampa nafasi wakati wa matangazo. Akasimama mbele na kandambili zake, akasema taratibu, "Alivaa shati la drafti ya bluu. Kifungo kimoja kilikatika, nikamshonea chekundu, ndicho nilichokuwa nacho. Mkikiona, ndugu zangu, hata kama ni hicho kifungo tu, niiteni." Nilikuwa benchi la pili. Nikafunua kitabu cha nyimbo, nikainamisha uso humo.

Ibada ilipoisha mama mkwe akamfuata nje, wakakumbatiana. Nikamsikia akimwambia, "Mayu, mama mwenzangu, mimi nilikuwa kama wewe hivyo hivyo. Mungu akanipa kaburi, nikapona. Njoo ule Pasaka kwetu, tuombe pamoja." Yule mama akakubali.

Kanisani kwetu asubuhi ya Pasaka tunaanzia makaburini kabla jua halijachomoza. Mchungaji anasoma majina ya wote waliofariki tangu Pasaka iliyopita, halafu linasomwa neno la ufufuo. Jina la mume wangu limo. Na mimi ni msomaji, nimepangiwa somo la wale wanawake waliokwenda kaburini alfajiri, wakaulizwa kwa nini wanamtafuta aliye hai katikati ya wafu. Nilijaribu kukataa. Mchungaji akanijibu kwa upole, "Sasa nani alisome kama si wewe?" Najizoeza jikoni peke yangu, na kila nikifika kwenye swali hilo nafunga Biblia.

Jumapili ya Matawi nilijikaza, nikamwambia mama mkwe, "Mama, je, ikiwa yule tuliyemzika siye?" Alikuwa anapepeta mchele. Akauweka ungo chini, akanitazama mpaka nikaogopa. Akasema, "Mkamwana, usinirudishe kule. Nitakufa." Ana presha, kwa hiyo hakuwa ananitisha. Nikamwambia ni mawazo tu, nikaokota ungo nikamalizia mimi.

Nimefunga siku zote hizi. Nimesikiliza kila mahubiri ya toba, na wote wanaongea kana kwamba toba inamgusa mkosaji peke yake. Yangu mimi itamfungulia mama mmoja msiba aliokwisha kuumaliza, na mwingine itamuulia mwana ambaye bado anamtafuta akiwa hai. Askari nao watanihoji, pengine nitafungwa, na watoto wangu sijui watabaki na nani. Nikinyamaza, mama wa watu ataendelea kuzunguka na kandambili zake mpaka azeeke.

Leo ni Alhamisi Kuu. Yule mama anafika keshokutwa, na kitanda chake kimeshatandikwa chumbani kwangu. Mama mkwe ameotesha maua kwenye kopo, anataka Jumapili wayapande wote wawili pale kaburini, amfundishe mwenzake jinsi mtu anavyoagana na mwanae. Msiniambie nimwombe Mungu, nimeshamwomba. Ndugu zangu mnaosoma hapa, nishaurini: nianze kumwambia mama yupi, na nimwambieje?