Mama Bernado na Mwanamke wa Taarifa ya Habari

Siku ambayo Bunda nzima iliangua kilio, kuna mwanaume mmoja alipiga makofi.

Alipiga makofi kwa nguvu, sebuleni kwake, mbele ya majirani waliojaa mpaka mlangoni. Akasema, "Si niliwaambia! Mungu mkubwa!"

Halafu akacheka.

Nusura wamuue.

Huyo mwanaume ni baba yangu mkubwa, Magesa. Na aliyesababisha yote ni mke wake, Eufrasia, dada wa tumbo moja na mama yangu. Ndiye aliyenisimulia. Akasema, "Andika tu. Nimeshazeeka, aibu imeniisha."

Haya, sogeeni.

Ilikuwa mwaka tisini na tisa. Magesa alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, kwetu tunaita jineri. Mashine zinanguruma kutwa nzima, ukitaka kuongea na mwenzio unamwonyesha vidole.

Mambo ya ushirika yalipoharibika, jineri ikafungwa, wakapewa pesa za mkono wa kwaheri. Wenzake wengi pesa zao ziliishia kilabuni. Magesa akafunga mashine ya kusaga. Mashine ikajibu, akanunua televisheni ya inchi kumi na nne na dishi kubwa la kutisha kuku.

Kuanzia hapo nyumba haikuwa yake tena. Ikawa ya mtaa.

Dishi lile lilikuwa linashika stesheni mbili za Dar.

Ya kwanza, taarifa ya habari alikuwa anasoma Alfonsi Lugoe. Mwanaume mnene, sauti inatoka tumboni, masharubu yamemwagika mpaka juu ya mdomo wa chini.

Ya pili alikuwa Jenoveva Mkude. Shingo ndefu, mdomo umepakwa rangi nyekundu, akitamka neno unaliona linatoka.

Kila mtu alikuwa na wake. Watu walibishana utadhani ni Simba na Yanga.

"Lugoe akisema jambo limetokea, limetokea kweli," fundi cherehani wa jirani, Stanislausi, alikuwa anasema. "Huyo binti hata ajali anasoma kama anakualika harusini."

"Lugoe anatisha watoto!" wengine wanajibu.

Magesa alikuwa haingii kwenye ubishi. Anashika rimoti tu, anaweka Jenoveva. Kila siku Jenoveva.

Na akikaa pale hapepesi. Anasogeza kiti mpaka magoti yanagusa meza. Midomo yake inachezacheza kama mtu anayesali.

Mwanzoni Eufrasia alikuwa anacheka. Aliyemwondoa kwenye kucheka ni Gati, jirani yake muuza dagaa.

"Mama Bernado, wewe unaona ile ni taarifa ya habari?"

"Sasa ni nini?"

"Taarifa ya habari mwanaume anasikilizaga na masikio. Wa kwako anaangalia midomo."

Neno likamkwama kooni kama mwiba wa sato.

Siku nyingine Gati akaja na la pili. Eti amesikia yule Jenoveva alisomaga Musoma. "Na baba Bernado si alikuwaga anasindikiza magari ya pamba mpaka Musoma?"

Basi. Kwisha habari.

Kuanzia hapo kila jioni ilikuwa msumari. Saa ya habari ikifika, ile saa mbili, yeye anatoka jikoni anasimama mlangoni, anamwangalia mume wake anavyomwangalia yule mwanamke. Anahesabu tabasamu. Akiona Magesa ametikisa kichwa kukubali kitu alichosema Jenoveva, hamu ya chakula inamtoka. Mimi hajawahi kunikubalia hivyo, anawaza. Mimi niliyemzalia.

Akaanza kununa. Sio kununa kwa siku mbili, kununa kwa miezi. Akasusa kumtazama. Anasonga ugali, anaongea na ukuta. Anafua, anaongea na beseni. Na akisema jambo mara tatu bila kujibiwa, anajiambia, unaona? Ameshanihesabu kama sipo.

Kuna siku alijaribu kupigana kwa silaha za adui. Akapanda gari mpaka Musoma, akasukwa nywele kama za Jenoveva, akanunua rangi ya mdomo nyekundu ileile. Akarudi, akasimama mbele ya mume wake.

"Baba Bernado, umeshindaje?"

Magesa akamtazama mdomoni. Akamtazama muda mrefu. Uso wake ukafunguka, akatabasamu tabasamu ambalo Eufrasia hakuwa ameliona siku nyingi.

"Leo unaongea vizuri," akasema.

Weeh!

"Leo? Kwa hiyo siku zote huwa nabweka?"

Akajifuta ile rangi kwa pindo la kitenge, akaingia ndani, akambamizia mlango. Magesa akabaki pale amesimama, hajui kakosa nini.

Halafu ikaja Oktoba.

Mzee wetu wa Butiama alikuwa amelazwa Uingereza, hali mbaya. Nyie wengine mlikuwa mnamjua kwenye picha za ofisini. Kwetu Mara alikuwa mtu wa nyumbani. Watu walikuwa hawalali vizuri. Baba mdogo wa Magesa, mzee Wanzagi, alitoka Butiama akaja kukaa hapo Bunda, kisa awe karibu na televisheni.

Nyumba ikajaa kila siku. Na kila siku Magesa anaweka Jenoveva, na kila siku Eufrasia roho inamsaga. Hata sasa? Hata na mgonjwa wetu amelala kitandani, huyu bado anatafuta midomo?

Asubuhi hiyo mtu akaja anakimbia. "Washeni! Washeni, kuna tangazo!"

Wakaingia wote. Magesa alivutwa mkono kutoka kwenye mashine, unga umejaa kwenye nyusi. Akakaa kwenye kiti chake, akanyoosha mkono kutafuta rimoti.

Haipo.

Rimoti ilikuwa kwenye pindo la kitenge cha Eufrasia. Akaitoa, akabonyeza mwenyewe. Akatokea Alfonsi Lugoe na masharubu yake.

"Leo tunaangalia habari," Eufrasia akasema. "Hatuangalii midomo."

"Asante mama," akadakia Stanislausi. "Siku kama hii ni ya Lugoe."

Magesa akamgeukia mkewe. Eufrasia aliniambia jicho lile hajalisahau: kama mtu umemnyang'anya fimbo yuko katikati ya mteremko. Akarudisha macho kwenye kioo.

Lugoe akaanza kusema. Masharubu yakacheza.

Halafu picha ikabadilika, wakaweka picha za zamani. Mzee wetu huyo hapo, mzima, anacheka, anawapungia watu mkono.

Ndipo Magesa alipopiga makofi.

"Si niliwaambia! Mungu mkubwa!"

Halafu kilio kikapasuka. Wanawake chini. Wanzagi akainuka, fimbo juu.

"Unashangilia? Magesa! Unashangilia kufa kwa mzee wetu?"

Fimbo ya kwanza ikampata begani. Ya pili Stanislausi aliidaka hewani. Magesa alikuwa anaangalia uso mmoja baada ya mwingine, na kile kicheko kikamfia usoni taratibu. Hakuuliza kitu. Hakujitetea. Alitoka akaenda kukaa nyuma ya mashine, peke yake.

Kunyamaza kwake ndiko kulikomaliza kila kitu. Mpaka mchana Bunda yote inajua: Magesa kafurahia msiba. Hakuna aliyeleta hata debe moja la mahindi. Wanzagi alipofunga mzigo wake kurudi Butiama, alisema mlangoni, "Mazishini usikanyage. Ukija nitakufukuza mbele za watu."

Na Eufrasia?

Naandika alivyoniambia. Kuna kipande cha moyo wake kilifurahi. Alisema moyoni, umekoma. Akili yako ilikuwa kwa Jenoveva mpaka msiba umekupita.

Wivu ni kitu kibaya, jamani.

Siku iliyofuata ametoka bombani na ndoo kichwani, anamkuta Magesa mbele ya televisheni. Kwenye kioo ni Jenoveva, amevaa nyeusi. Na Magesa analia. Mabega yanatikisika, midomo inachezacheza.

Kumbe machozi anayo! Ila ya kulia na huyu.

Akatua ndoo kwa nguvu, maji yakamwagika sakafuni. Akiwa nyuma yake palepale, akamwaga yote ya miezi.

"Magesa! Malaya wako amevaa nyeusi, nenda ukamfariji! Nenda Dar! Mimi niache hapa na mashine yako, nitasaga mwenyewe!"

Magesa hakugeuka.

Akaongeza. Akamtukana yeye, akamtukana na Jenoveva, akafika mpaka kwenye matusi ambayo mke hamwambii mume. Kimya.

Hapo ndipo aliposhtuka kwamba nyumba nayo iko kimya. Jenoveva anaongea, lakini hakuna sauti. Televisheni ilikuwa imezimwa sauti kabisa.

Akachukua mfuniko wa sufuria, akauachia kwenye sakafu ya saruji.

Gati akapiga kelele kutoka kwake, "Kuna nini huko?"

Magesa hakupepesa hata kope.

Eufrasia akazunguka, akasimama katikati yake na televisheni.

"Husikii?"

Magesa akatazama mdomo wake. Kisha akatikisa kichwa.

"Sisikii vizuri," akasema. "Ni tangu jineri. Lilianza hili la kushoto, likafuata hili. Sasa hivi sauti zenu ni kama maji yanachemka nyumba ya tatu."

"Na huyu mwanamke?"

"Huyu anafungua mdomo. Namsoma. Yule Lugoe na masharubu yale, nitamsoma wapi?"

"Mbona hukuniambia?"

"Nani atamletea kiziwi mahindi? Watasema mashine itanikata mikono."

Eufrasia akauliza, "Na mimi je? Mimi unanielewaga vipi?"

"Wewe nilikuwaga nakuelewa kuliko watu wote. Ukinitazama." Akanyoosha kidole ukutani. "Tangu mwezi wa sita hunitazami, mama Bernado. Unaongeaga na ukuta. Sijui umekuwa unasema nini miezi yote hii. Naogopa hata kuuliza."

Mama yangu mkubwa aliniambia alikaa chini palepale, kwenye maji ya ndoo, na hakusikia baridi.

Siku ya mazishi walikwenda Butiama. Magesa hakutaka. Eufrasia alimshika mkono kama mtoto anayepelekwa sindano.

Watu walikuwa wengi kama siafu, vumbi limesimama. Wanzagi aliwaona kwa mbali, akaja na fimbo yake na ukoo nyuma yake.

Eufrasia akasimama mbele ya mumewe.

"Baba, nipige mimi."

Akasema yote pale, mbele ya wakwe. Rimoti. Jenoveva. Rangi ya mdomo. Masikio. Wanawake wengine walikuwa wanalia, ikabidi wacheke katikati ya machozi.

"Ulikuwa na wivu na televisheni?" Wanzagi akauliza.

"Nilikuwa nao, baba."

Mzee hakuamini. Akamzunguka Magesa kwa nyuma, akainama, akatamka kwa sauti kubwa neno juu ya marehemu mama yake Magesa, neno ambalo siwezi kuliandika hapa. Mtu mwingine yeyote wa Mara angegeuka na ngumi.

Magesa aliendelea kumtazama mkewe, anasubiri aambiwe kinachoendelea.

Wanzagi akarudi mbele. Fimbo ikamtoka mkononi. Akamshika kidevu ili aone mdomo wake vizuri.

"Pole, mwanangu."

"Nilijua amepona, baba," Magesa akasema. "Nilimwona anacheka."

Mzee akamkumbatia. Hapo ndipo Magesa alipolia msiba wake kama watu wengine.

Spika zilipoanza kuunguruma, Eufrasia akazipa mgongo. Akamwelekea mumewe, akawa anamrudishia kila kinachosemwa, neno kwa neno, mdomo wazi. Mazishi yale yaliyotazamwa na dunia nzima, yeye hakuyaona. Aliona uso wa Magesa tu.

Na katikati ya hayo, juu ya bega la mumewe, akamwona.

Jenoveva Mkude. Mwenyewe. Amepita na watu wa kamera, umbali wa kunyoosha mkono. Mfupi kuliko anavyoonekana kwenye kioo, viatu vimejaa vumbi, macho mekundu kwa kulia. Harufu ya manukato yake ikawapita.

Magesa hakujua. Alikuwa anasoma mdomo wa mke wake.

Eufrasia aliruka maneno mawili ya hotuba. Halafu akaendelea.

Mpaka leo wako wote, Bunda hapo. Mtaa ulirudi na madebe yake, na ukifika mashineni unamgusa bega kwanza ndipo unaongea. Nilipomuuliza mama mkubwa nimwandikie funzo gani msomaji, alisema, "Waambie mtu akikukera, usimnunie kwa kisogo. Mgeukie, umwambie usoni. Mimi nilikaa miezi nagombana na mtu ambaye hakuwepo kwenye ugomvi."

Nikamuuliza, "Na lile la Jenoveva kupita pale Butiama, baba mkubwa ulishamwambia usoni?"

Akanitazama kama nimeuliza ujinga.

"Lile? La nini? Angegeuka."