Barua Ambayo Mimi Simo

Nikisema hakuna kinachoweza kunishangaza, sijisifu, nataja tu. Nilianza kwa kubeba viazi vya Bugeshi kichwani hadi mjini Gisenyi, na miaka hiyo ya hamsini nilikuwa na duka la bati karibu na soko na mizani isiyopunja mtu sana. Shule nilisoma miaka mitatu, ikanitosha. Nimemwona afisa wa Kizungu akimlilia mbwa, nikapita. Lakini barua ya Kiingereza ilinikalisha kitako.

Nilikuwa nimeagiza Kampala marobota ya makoti ya askari, yale mazito yaliyobaki baada ya vita, niwauzie watu wa Bugeshi wanaotafunwa na baridi ya volkano mwaka mzima. Lori lilifika siku ya soko, manyunyu yakidondoka. Dereva alitaka tungoje yaishe. Ningoje, na soko zima limesimama kuangalia mali yangu? Nilipanda mwenyewe, nikavuta turubai kwa mikono hii. Ikatoka harufu ya mbuzi aliyefia mtoni. Nikayatoa makoti nje: yalikuwa yameota ukungu hadi katikati ya robota, na manyunyu ya muda mfupi hayaoteshi ukungu. Turubai lenyewe lilikuwa na tundu la kupitisha kichwa.

Nikampa dereva malalamiko yangu awapelekee wenye lori, kampuni ya Waingereza huko Kampala, wanilipe. Jibu lao nililipeleka kwa karani, Mwislamu wa hapa mjini aliyewahi kufanya kazi Kampala, ambaye huwaandikia watu barua kwenye baraza ya fundi cherehani. Akanifasiria: mzigo ulipokelewa, ulifunikwa, ulisafirishwa. Hasara imesikika. Inasikitikiwa sana.

"Nani anasikitika?"

"Hakuna mutu, patron. Inasikitikiwa tu."

"Na nani aliufunika kwa turubai lenye tundu?"

"Ulifunikwa."

Kwetu mtu akisema amepigwa, hata mtoto atauliza amepigwa na nani. Wale wanatawala nusu ya dunia bila mtu kugusa kitu. Vitu vinachukuliwa, vinaoza, vinasikitikiwa, na wao wamekaa na chai yao.

Karani akanionyesha njia. Kila sentensi iulize nani alifanya. Ukimkosa, ujue amejificha, na hapo ndipo penye kosa lake. Katika barua ile hakujitokeza hata mmoja.

"Donc, basi, na sisi tujifiche," akasema. "Naandika: turubai lilifunuliwa, makoti yalikutwa yameoza. Watalipa."

"Na mimi niko wapi humo?"

"We uko chini, kwa sahihi."

Fundi hakuinua hata uso kwenye sindano. "Muandikie na mvua," akasema, "ni yeye alinyesha."

Mtu niliyejijenga kwa shingo yangu nilipie barua ambayo mimi simo? Nikaamuru: mimi mwenye duka nilipanda, mimi nikafunua turubai, mimi nikatoa makoti nje kwenye mvua mbele ya soko zima.

"Patron, hiyo itakuuma."

"Kalamu ni yako, mali ni yangu. Andika."

Akaandika. Nikamwambia anionyeshe kila "mimi" kwa kidole. Kwa Kiingereza neno hilo ni kijiti kimoja tu, chembamba, kama mtu mwenye njaa. Nikamwamuru avinenepeshe vyote.

Jibu la pili lilikuwa fupi, na karani alilisoma polepole, naona kwa raha. Wewe mwenyewe, kama unavyosema, ulifunua turubai mvuani. Wewe mwenyewe ulitoa makoti. Hatukulipi.

Hapo ndipo Kiingereza chao kilipopata mtu wa kufanya kitu, na mtu huyo ni mimi. Tundu halikutajwa.

Karani alisimulia mji mzima, fundi akaongeza chumvi. Wacheke. Hadi leo barua zangu zinaanza na mimi na kuishia na mimi, na sijamwona mkubwa anayejificha nyuma ya turubai. Makoti niliyafulisha kwenye chemchemi ya maji moto ya Nyamyumba, yaliyobaki mazima nikawauzia wavuvi wa ziwani. Ukitoa fedha ya wavuvi kwenye hasara, ukaongeza ujira wa karani na stempu, kuingia kwangu katika ile barua kulinigharimu faranga elfu sita mia tatu arobaini na tano.